Mbegu Kutoka Kibuyuni

"Hii si bidhaa," akasema yule binti. "Hii iko hai."

Ilikuwa saa moja na robo asubuhi, bandarini Malindi, Unguja. Viroba vyangu ishirini vilikuwa vimepangwa juu ya saruji, vinachuruzika maji ya chumvi, na jua lilikuwa limeshaanza kupanda juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Binti mwenyewe jina lake Yusra, afisa wa ukaguzi wa mimea, umri kama wa mwanangu wa pili. Aliniamkia shikamoo kabla hajanizuia. Hilo lilinikera zaidi. Mtu akitaka kukuzuia akuzuie, asikuamkie kwanza.

"Karatasi hiyo hapo mkononi mwako," nikamwambia. "Nimepita nayo mpakani Horohoro. Sisi na Kenya ni jumuiya moja, mfanyabiashara mdogo anapita."

"Anapita na bidhaa, Mzee Masoud. Mwani mkavu, kanga, vitunguu, samaki wa chumvi, hayo yote sawa. Wewe umeleta mmea unaokwenda kupandwa baharini. Kwa huo pana cheti cha afya ya mmea, anakitoa mkaguzi wa kule ulikotoka. Unacho?"

"Sina."

"Basi haitoki hapa."

Nikatazama saa yangu.

Mbegu ya mwani si punje. Ni vitawi vibichi tu. Unavikata shamba moja, unavifunga kwenye kamba za shamba jengine, vinaota. Nje ya maji, ukivifunika na kuvimwagia maji ya bahari, vinaishi siku moja na kidogo. Vyangu vilikatwa jana yake saa sita mchana. Kule Jambiani, mke wangu Salhiya na wenzake thelathini na mbili walikuwa wameshakaza kamba tupu kwenye vigingi, wananingoja. Maji yangetoka kabisa saa saba kasoro robo, na kufika saa tisa yangekuwa yamesharudi kifuani. Bamvua lilikuwa linaisha. Baada ya siku hiyo ni maji mafu, bahari haitoki vya kutosha mtu kusimama shambani, mpaka siku tisa mbele. Na mbegu huwezi kuilimbika siku tisa, hata ukiitia ndani ya nyavu baharini. Katikati inaoza.

Kwa hiyo nilikuwa nitoke Malindi kabla ya saa saba, na gari langu la keri, kile kigari kidogo cha mizigo, liko pale nje ya geti tangu nilipoondoka. Nikichelewa, hakuna mbegu. Hakuna mbegu maana yake wanawake thelathini na tatu hawana kazi, na mmoja wao ndiye anayenilisha mimi tangu mgongo wangu ulipokataa kubeba mawe.

Sasa nieleze nilifikaje hapo, maana kosa si la yule binti.

Joto la mwaka huu lilitumaliza. Jambiani bahari yetu ni pana na maji yake mafupi, jua likikaa juu yake miezi miwili maji yanakuwa kama ya kuogea mgonjwa. Mwani ukageuka mweupe nchani, ukawa laini, ukakatika wenyewe na kwenda na mkondo. Kila mwaka huwa tunabakisha kitalu cha mbegu, na kila mwaka kitalu kinakufa nusu. Safari hii kilikufa chote.

Miaka minane nyuma watu wa Kibuyuni, kusini kabisa ya pwani ya Kenya, walikuja kwetu kujifunza ukulima wa mwani na kuomba mbegu. Wanawake wakataka kuwapa. Mimi nikasimama mkutanoni, wala sikuulizwa, nikasema tunamnolea jirani kisu cha kutuchinjia, kesho tajiri atanunua kwao na sisi tutabaki kuuza vigingi. Wageni walikuwa wamekaa pale pale, wanasikia. Wakapewa mbegu hivyo hivyo. Sasa ile mbegu tuliyowapa iko hai kwao na kwetu imekufa, na aliyetumwa kwenda kuiomba ni mimi.

"Kwa nini mie?" nilimuuliza Salhiya.

"Kwa sababu kisu ulikiona weye peke yako," akasema. "Kawaulize kimefika wapi."

Mkuu wa kikundi cha Kibuyuni ni Bi Mwanakheir, mwanamke mfupi, mweusi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo. Aliniangalia nilipoteremka garini, akacheka.

"Wewe si ndiye wa kisu?"

"Ndiye."

"Haya, kaa unywe chai. Kisu chetu kimekuwa butu, tunakatia ndimu tu."

Tulikunywa chai na mahamri, akanionyesha bahari yao. Mbele ya kijiji pana mkondo wa kina, maji ya nje yanapita humo mchana na usiku, ya baridi. Mwani wa mkondoni ulikuwa mnene na mkakamavu, ukiuvunja unalia kama tango.

"Mbegu kwetu haifi," akasema. "Lakini kukausha tunashindwa, mvua inatukuta kila mara. Mashine ya kusaga hatuna. Sabuni tunatengeneza, watalii wa kuinunua wako kwenu. Tunahangaika na yote manne, na matatu yanatushinda. Nyinyi mna jua, mashine, na wageni wa kununua, na bado mnahangaika na kitalu kinachokufa."

"Kila mtu anataka ajitegemee," nikasema.

"Nisikilize. Mimi nasuka ukili kumshinda binti yangu. Na kupika pia namshinda. Lakini jungu nimemwachia yeye. Mimi nikishika mwiko, mkeka wangu unalala, na mkeka wangu unagombaniwa. Yeye akishika mwiko hakilali kitu, maana mkeka wake hata mbuzi haukalii."

Akataka tukubaliane hivi: kila joto likija, wao watunze mbegu, sisi tukanunue kwao na kitalu chetu tukiache. Nao mwani wao mkavu watuletee sisi tuusage na kuutia kwenye sabuni. Nikamwambia nitawafikishia wenzangu. Sikumwambia kwamba wanawake wa Jambiani hawapendi kungojea kitu mlangoni kwa mtu.

Halafu akasema, "Mkaguzi wetu atakuja kesho aone shamba, akupe cheti. Lala hapa."

Nikamjibu kwa jeuri yangu. "Mwanangu akirudi nyumbani namuombea cheti? Mbegu hii ni yetu, inarudi kwao."

Hilo kosa la kwanza. La pili sikumwambia mtu.

Mkondoni walinikatia viroba kumi na vinane. Bi Mwanakheir akasema basi, wakikata zaidi wao wenyewe watakosa. Mimi nilikuwa nimeahidi ishirini. Pale karibu na ufukwe, kwenye maji mafupi, palikuwa na kamba kadhaa za mtu ambaye hazimshughulishi tena. Mwenye kamba akaniambia chukua. Wenzake Bi Mwanakheir walipokuwa wanafunga midomo ya viroba, nikajaza viwili. Kamba nyeupe ilikuwa imekwisha, nikavifunga kwa kamba ya kijani. Niliviona vile vitawi. Nchani vilikuwa vimepauka. Nikajiambia ni chumvi.

Tanga nikapanda boti ya mizigo jioni, asubuhi nikashuka Malindi.

Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya Bi Yusra, na viroba viwili vya kamba ya kijani vilikuwa juu kabisa ya rundo.

Nikampigia Bi Mwanakheir. Akaniacha niseme mpaka mwisho.

"Nilikwambia," akasema.

"Uliniambia."

"Mkaguzi nampigia sasa hivi. Lakini hawezi kuandika asichokiona, na shamba la mkondoni halionekani mpaka maji yatoke."

"Kwenu yanatoka saa ngapi?"

"Bahari ni moja, Masoud. Kwenu saa ngapi?"

Nikapiga hesabu. Maji yatakayomruhusu mkaguzi wake aingie shambani ndiyo hayo hayo yatakayowaruhusu wanawake wetu wapande. Aingie saa tano na nusu yakiwa magotini, aone, aandike, apige picha, atume. Akichelewa kidogo tu, cheti kitafika na maji yatakuwa yamerudi.

"Mwambie awahi," nikasema.

"Nitamburura kwa kanzu," akasema, akakata.

Nikarudi kwa Bi Yusra. Nikamuomba jambo dogo: anizuie, lakini viroba nivitie kamba nivining'inize gatini, ndani ya maji, visife.

"Hapo ndipo siwezi kabisa," akasema. "Kama vina ugonjwa, utauachia wapi? Humo humo. Mie nimewekwa hapa usifike majini, wewe unataka kuuchovya kwa mkono wako?"

"Basi vitakufa hapa."

"Vikifa nitasikitika. Ugonjwa ukiingia, watasikitika Jambiani, Paje, Bwejuu, mpaka Pemba. Umeshawahi kuuona mwani ukigeuka mweupe?"

"Nimeuona mwaka huu."

"Basi unajua kuliko mie. Mie nimeusoma tu."

Mimi niliacha skuli darasa la tano, lakini mtu akisema kweli naijua. Nikaazima ndoo mbili, nikateremka ngazi za gati kuchota maji ya bahari, kumwagia.

Niliporudi na ndoo zangu nikaona mtu ameshika mpira wa bomba, anavimwagia viroba vyangu maji, anatabasamu.

Nikapiga ukelele ambao nadhani ulisikika Darajani. Nikaziangusha ndoo, nikamkimbilia, nikamnyang'anya ule mpira. Alikuwa hamali wa bandarini, mtu mzima, jina lake Kurwa, kwao Tabora.

"Unafanya nini wewe?"

"Mzee, nimeona vinakauka. Nimekuonea huruma."

"Umeviua!"

"Kwa maji?"

"Kwa maji ya bomba! Huu mwani! Maji matamu ni sumu yake!"

Kurwa aliangalia ule mpira kama nyoka aliyegeuka mkononi. Kwao mmea ukinyweshwa maji unashukuru. Nikavifungua viroba mbio mbio. Vinne vya chini, alivyoanza navyo, vilikuwa vimekunywa mpaka ndani, rangi imeshaanza kutoka, maji mekundu yanatiririka juu ya saruji. Hivyo kwaheri. Vyengine havijaguswa. Ilikuwa saa tatu kasoro robo, na saruji ilikuwa imeanza kuchoma nyayo.

"Mzee nisamehe," Kurwa akasema. "Niambie nifanye nini."

"Nnataka bahari ambayo si bahari," nikamwambia kwa hasira. "Unayo?"

Sikutegemea ajibu. Akafikiri, akasema, "Kuna boti ya fundi Usi."

Nyuma ya ghala, chini ya kivuli cha mkungu, palikuwa na boti ya faiba imepandishwa juu ya magogo. Fundi Usi, mzee wa Malindi mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa anaipiga msasa. Kurwa akamueleza. Usi akatuangalia mmoja mmoja.

"Miaka arobaini nazuia maji yasiingie ndani ya vyombo," akasema, "leo hamali na mkulima wa mwani wananitaka niyazuie yasitoke. Mmekula nini asubuhi?"

"Fundi, kwa hisani yako."

"Ina tundu huku nyuma."

"Zibe."

"'Zibe', anasema. Kama anaagiza urojo." Lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kutafuta tambara.

Bi Yusra akaja kuiona. Akazunguka ile boti mara mbili. "Humu nakubali," akasema. "Ila maji yake hayarudi baharini hata tone. Yatamwagwa kule mchangani, mbali. Na kila kiroba nakikagua kabla hakijaingia, maana humu yote yatakunywa maji mamoja."

Kurwa akaita wenzake wawili. Tukaijaza ile boti kwa ndoo, kutoka gatini mpaka mkunguni, mimi na mgongo wangu. Kufika saa nne ilikuwa imejaa nusu. Tukaanza kuvileta viroba. Bi Yusra akavifungua kimoja kimoja, akachambua, akavunja vitawi, akaangalia ndani. Kizuri, kinamiminwa. Kizuri, kinamiminwa.

Vile viwili vya kamba ya kijani nilikuwa nimevitenga bila ya kufikiri, viko peke yao kule kwenye saruji, pembeni ya vile vinne vilivyokufa.

"Na vile viwili?" akauliza.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Vimeingia maji ya bomba. Kurwa hakuwa akijua alimwagia vingapi. Ningesema hivyo, vingetupwa, na hakuna ambaye angejua mpaka kiama.

Lakini kulikuwa na kitu nilichokiona na yeye hakukiona. Ndani ya boti ya mizigo vile viwili vilikaa juu, na usiku kucha vilikuwa vinachuruzika juu ya viwili vya chini yake. Hivyo vya chini nilikuwa navijua, maana kimoja kina mchoro wa jogoo na kimoja kimetatuka pembeni. Vilikuwa bado havijamiminwa. Kurwa alikuwa amekikumbatia kile cha jogoo, anakileta.

"Kurwa, simama," nikasema.

Akasimama.

"Vile viwili si vya mkondoni," nikamwambia Bi Yusra. "Nimevikata kwenye maji mafupi, mwenyewe, bila ya kuwaambia wenyeji wangu. Vina weupe. Na vilivyokaa chini yake ni hiki cha jogoo na kile kilichotatuka. Vyote vinne usivitie humu."

Fundi Usi aliacha kupiga msasa.

"Ulijua tangu asubuhi?"

"Nilijua tangu jana."

Akaenda akavifungua vile vya kijani. Akatoa kitawi, nchani cheupe kama ukucha. Kilipovunjwa hakikuvunjika, kilijikunja. Nilikuwa nimevuka nchi ya pili na boti usiku kucha kwenda kuchukua kitu kibovu ambacho kwetu Jambiani kimejaa ufukweni bure. Kibuyuni wana kitu kimoja wanachowashinda watu wote, ule mkondo, na mimi nikaenda kuchota kwenye dimbwi.

"Unajua sasa nna sababu ya kuzuia vyote?" akasema.

"Unayo."

"Kwa nini umeniambia, basi?"

"Kwa sababu ikiingia kule mke wangu ataijua ndani ya wiki mbili. Na mie ndiye ninayelala naye nyumba moja."

Fundi Usi akacheka kikohozi. Yeye Bi Yusra hakucheka. Akakunja mikono ya buibui, akachutama pembeni ya boti, akaanza upya. Hata vile vilivyokwisha kumiminwa alivirudia, kitawi baada ya kitawi. Mimi na Kurwa tulichota maji mapya na kumwaga ya zamani mchangani. Jua likapanda. Saa tano. Saa tano na nusu. Nikaweka mkono majini, yalikuwa yanaanza kuwa vuguvugu.

Saa sita kamili Salhiya akapiga.

"Uko wapi?"

"Malindi."

"Bado Malindi? Masoud, watu wanaingia majini!"

"Ingieni. Kazeni kamba. Nnakuja."

"Unakuja na mbegu au unakuja na maneno?"

Nikakata.

Saa sita na dakika ishirini simu ya Bi Yusra ikalia. Picha. Karatasi iliyopigwa ndani ya upepo, nusu kivuli cha mtu. Haikusomeka. Akaomba nyengine. Tukangoja. Nyengine ikaja, namba haionekani. Akampigia mkaguzi wa kule mwenyewe. Nikasikia sauti ya mwanamme na nyuma yake mawimbi, na nyuma ya mawimbi Bi Mwanakheir anamwambia asimame vizuri.

Bi Yusra alisikiliza, akaandika namba, akauliza maswali. Kisha akaniangalia.

"Ameandika, shamba la mkondoni safi. Na ameandika, shamba la maji mafupi karibu na ufukwe lina ugonjwa, mbegu yake isitoke." Akaiweka kalamu chini. "Ungenidanganya, karatasi hii ingenikuta nimeshakuamini."

"Sasa je?"

"Mkubwa wangu yuko safarini, amesema niamue mwenyewe." Akatazama ile boti. "Kumi na viwili vinatoka. Vinane vinabaki, vinakaushwa hapa hapa na kuchomwa. Cheti chenyewe kije kwa boti ya keshokutwa. Kisipokuja nakufuata Jambiani, na sitakuamkia."

Aliweka saini yake saa saba kasoro dakika ishirini. Tulijaza viroba kama watu wanaozima moto. Kurwa akarukia nyuma ya keri bila ya kualikwa, na pipa dogo la maji ya bahari na kopo.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Namwagia, mzee. Maji ya chumvi. Nishajua."

Sikumbuki njia. Nakumbuka Tunguu nilipita lori mahali pasipopitwa. Nakumbuka Jozani watalii walikuwa katikati ya barabara wanapiga picha kima, nikabana honi mpaka kima wakatoka mbio na watalii wakanitukana kwa lugha tatu. Kila nikitazama kioo namuona Kurwa, kopo juu, kopo chini, kanzu ya vumbi usoni.

Jambiani tuliingia saa nane kasoro dakika tano. Nikashusha gari mchangani mpaka matairi yakazama. Mbele yangu bahari ilikuwa inarudi, inang'aa, na kule mbali wanawake wamesimama, maji mapajani, kanga zimefungwa viunoni, mikono mitupu. Waliponiona wakaja mbio, maji yanaruka.

Salhiya alifika wa kwanza. Akafungua kiroba, akatia mkono mpaka begani, akatoa kitawi cha katikati kabisa. Akakivunja. Kikalia.

"Vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Ulisema ishirini."

"Nitakueleza."

"Utanieleza huku unafunga."

Jambiani wanaume hawafungi mwani. Wanabeba, wanasukuma, wanauza, lakini kufunga vitawi kwenye tai-tai, vile vikamba vidogo vinavyoning'inia kwenye kamba kubwa, hiyo ni kazi ya vidole vya kike. Mchana ule mikono ilikuwa haitoshi na maji hayakuwa na subira. Nikakunja suruali, haikusaidia kitu, nikaingia.

"Masoud, si mbuzi wa Idi huyo, legeza!" akanipigia kelele Khairiya, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

"Akikaza hivyo kitawi kinakatika!"

"Mwacheni, anafunga kama anavyozungumza."

Wakacheka, na vidole vyao havikusimama hata kidogo. Nao walikuwa wanafunga vitatu mimi nikifunga kimoja. Nikawaeleza yote, nimeinama, maji yananifika kiunoni. Bomba la Kurwa. Kamba ya kijani. Cheti nilichokataa kukingoja. Nilipofika hapo cheko ziliisha. Nikaona bora nimalize, nikawaambia na masharti ya Bi Mwanakheir: kitalu tukiache, mbegu kila mwaka tukanunue Kibuyuni, na wao watuletee mwani wao tuusage.

"Ati nini?" Khairiya akasimama wima. "Tukae mlangoni kwa watu kungojea mbegu? Mwaka wakitukatalia?"

"Na wao mwani wao tukikataa kuusaga?" mwengine akamjibu.

"Watasaga wenyewe!"

"Kwa meno?"

"Mbegu ilikuwa yetu, tuliwapa sisi!"

"Hayo ndiyo aliyoyasema Masoud kule," akasema Salhiya, "na mumeona viroba vinane vimekwenda wapi. Kitalu chetu kimetutosha mwaka gani? Nitajieni mmoja." Hakungoja. "Ugomvi mahali pake nchi kavu. Fungeni."

Wakafunga. Maji yakafika tumboni, yakafika chini ya matiti, wale wafupi wakaanza kurudi nyuma. Kurwa, asiyejua kuogelea, alikuwa amesimama na kiroba cha mwisho juu ya kichwa, macho yamemtoka, anaomba dua kwa sauti. Kamba ya mwisho hatukuiona kabisa. Tuliifunga kwa kupapasa, mimi na Salhiya, yeye kutoka kigingi kile, mimi kutoka hiki, tukakutana katikati na wimbi likatupiga usoni.

Tulipotoka, zaidi ya theluthi ya kamba zilikuwa tupu. Kila mmoja alizihesabu kwa macho. Wanawake wakakaa mchangani wakikamua kanga zao. Khairiya alikuwa bado ana kinyongo, anachora mistari mchangani kwa kidole cha mguu.

Salhiya akanyoosha mkono.

"Nipe simu."

"Ya nini?"

"Huyo Mwanakheir. Nnataka kujua joto lijalo ule mkondo wake unaweza kututolea viroba vingapi, na mkaguzi wao aje lini." Akamgeukia Khairiya. "Na weye sogea hapa usikie mwenyewe, usije ukasema nimekuuza."

Khairiya hakutaka. Kisha akasogea. Kioo cha simu kilikuwa kimejaa chumvi, Salhiya akakifuta kwa pindo la kanga mara mbili, akapiga.